Kusindikiza boya kwenye mto mdogo wa kasi: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa wavuvi walioko England

Aliyezoea kuvua ziwani au baharini akifika kwenye mto mdogo wa England hukosea pale pale. Anarusha boya, maji yanalibeba, chambo kinafuata nyuma kikiburutwa juujuu. Kwa macho mambo yanakwenda vizuri, ila saa mbili zinapita na hakuna kilichouma.

Sababu yake ni hii. Maji ya juu yanakwenda kasi kuliko maji ya chini, kwa kuwa chini yanasuguana na kokoto, mawe na majani. Boya liko juu, chambo kiko chini. Ukiliachia boya liende na maji ya juu, linakivuta chambo kwa kasi ambayo hakuna chakula cha kweli kinachotembea nayo pale chini. Samaki wa mto wa kasi anakula vitu vinavyopita mbele yake mchana kutwa, na anajua mwendo wake. Kwa hiyo boya haliachiwi, linasindikizwa: unalishika kidogo, linakwenda polepole kuliko maji yanayolizunguka, na chambo kinatangulia mbele yake. Waingereza huita troti. Mengine yote humu ni ya kuwezesha jambo hilo moja.

Samaki ninaowazungumzia ni wale wa maji baridi wasiohesabiwa pamoja na samoni na trauti. Kwenye mito midogo ya kasi, kama Kennet na Lambourn kule Berkshire, Teme na Lugg upande wa mpaka wa Wales, au Wharfe na Nidd kule Yorkshire, utakutana hasa na chabu (Squalius cephalus), deisi (Leuciscus leuciscus), greilingi (Thymallus thymallus) na barbeli (Barbus barbus). Barbeli na kuyu wetu wa mito ya Afrika Mashariki ni ukoo mmoja, na aliyewahi kumshika kuyu kwenye maji ya kasi atazitambua zile nguvu mara moja.

Hatua ya 1: Ruhusa mbili, si moja

Leseni ya fimbo ni lazima kwa kila mwenye miaka 13 na kuendelea. Ya vijana wa miaka 13 hadi 16 ni bure, lakini nayo lazima ichukuliwe. Inapatikana kwenye tovuti ya serikali, ya siku 1, siku 8 au miezi 12. Ukikutwa bila leseni, faini inaweza kufika pauni 2,500.

Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapoingia matatani. Leseni haikupi haki ya kukanyaga ukingo wa mtu. Karibu kila kipande cha mto mdogo kina mwenyewe: mkulima, au klabu iliyokodi haki ya kuvua. Unahitaji tiketi ya siku au uanachama juu ya leseni. Ulizia duka la zana za uvuvi lililo karibu na mto. Wao wanajua kipande kipi kinauzwa tiketi na kipi hakiguswi.

Mitoni msimu unafungwa kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, siku zote mbili zikiwemo. Unaanza tena 16 Juni. Ni kipindi cha kutaga, na mayai ya samaki hawa yako kwenye zile kokoto ambazo ungezikanyaga. Greilingi naye yumo katika katazo hilo.

Kuhusu kitoweo: sheria za England zinaruhusu kuchukua mtoni, kwa siku, samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20, greilingi 2 wa kati ya sentimita 30 na 38, na paiki (samaki mla samaki wenzake) 1 asiyezidi sentimita 65. Mkunga wote wanarudishwa. Klabu nyingi zinakwenda mbali zaidi: hakuna samaki anayetoka mtoni, basi. Soma masharti ya tiketi yako kabla ya kuondoka nyumbani, na ukihitaji samaki wa kula nenda sokoni. Mto wenye upana wa mita nane hauhimili watu wa kubeba ndoo.

Hatua ya 2: Zana

Fimbo ya futi 13, yaani mita 4 hivi, iliyotengenezwa kwa ajili ya boya. Fupi ya futi 9 au 10 haifai hata kama mto ni mwembamba. Urefu hapa ni wa kuinua mshipi usiguse maji, maana mshipi uliolala majini unabebwa na mkondo na kuliburuta boya. Fimbo hizi ni za kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Usivue wala usitembee na fimbo iliyounganishwa karibu na nyaya za umeme zinazokatiza juu. Acha angalau mita 30. Umeme unaweza kuruka hata kabla fimbo haijaugusa waya.

Rili, yaani kifaa cha kuzungushia mshipi: nunua ya gurudumu. Ni duara lenye kipenyo cha sentimita 10 hadi 11.5, linalozunguka huru kwenye mhimili wake bila gia. Boya linavuta, gurudumu linazunguka, kidole gumba kinagusa ukingo wake na kuamua kasi. Ile rili ya kawaida yenye mkono wa waya unaofunguka inafanya kazi, na kama ndiyo uliyo nayo anza nayo: fungua waya, zuia mshipi kwa kidole cha shahada kwenye mdomo wa kibati kinachobeba mshipi. Ila mshipi unatoka kwa mizunguko na kwa kushtuka, boya linasita na kuruka, na chambo kinafanya hivyo hivyo huko chini. Kwenye mto mdogo unaosindikiza boya mita 15 au 20 tu, gurudumu halina mpinzani. Lijaze mita 80 hadi 100 za mshipi na zisizidi. Ukilijaza sana, mizunguko ya juu inazama katikati ya ile ya chini na kukwama boya likiwa njiani.

Mshipi mkuu: wa nailoni unaoelea, ratili 3 hadi 4, unene wa milimita 0.16 hadi 0.18. Usitumie wa kusuka. Unashika upepo na kujifunga kwenye ncha ya fimbo. Kipande cha mwisho chenye ndoano kiwe chembamba zaidi, milimita 0.12 hadi 0.14, urefu wa sentimita 30, ili ukinasa kwenye mizizi upoteze ndoano tu na si boya na risasi zote, yaani vile vijiwe vya uzito vinavyobanwa kwenye mshipi. Palipo na barbeli wakubwa ongeza kila kitu: mshipi wa ratili 6 mpaka mwisho.

Ndoano zisiwe na kile kijimwiba cha ndani kinachozuia isichomoke. Kumbuka namba zinakwenda kinyume: 18 ni ndogo kuliko 16. Namba 16 kwa funza wawili, 18 maji yakiwa maangavu sana, 12 au 10 kwa mkate.

Boya: la mti wa balsa au la plastiki angavu, lenye mwili mnene na kichwa kinene, linalobeba risasi tatu za AAA, yaani gramu 2.4 hivi. Anayeanza huvutiwa na boya jembamba jepesi, na kwenye maji ya kasi boya hilo ni hasara: ukilishika tu linainuka na kupinda, na chambo kinapanda nalo. Uzito ndio unaokupa udhibiti. Boya linafungwa juu na chini kwa vipira vya silikoni. Tia vipira vitatu, viwili vikiwa chini, maana kimoja hupasuka na bila cha akiba itabidi uanze kufunga upya.

Usisahau wavu wa kuopolea usio na mafundo, mpini wake mita 2.5, pamoja na kijiti cha kutolea ndoano. Kijiti kikae mfukoni, si ndani ya mkoba ulioachwa mita kumi nyuma.

Hatua ya 3: Kutafuta mshono

Simama mbali na ukingo, uvae nguo zisizong'aa, na utazame maji dakika kumi kabla ya kufungua chochote. Unachotafuta ni mshono: mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na maji ya polepole. Utauona kwa mapovu na majani yanayojipanga, na kwa uso wa maji kubadilika kutoka mikunjo kuwa laini. Samaki anakaa upande wa polepole, anatoka hatua moja kwenye kasi kuchukua chakula, kisha anarudi.

Mishono mizuri iko penye kona ya mto, nyuma ya vishada vya majani ya mtoni yanayoyumba kama nywele, chini ya matawi yanayogusa maji, na pale maji ya kasi yanapomalizikia na kuingia kwenye kina. Deisi na greilingi wanapenda kokoto safi, maji ya goti hadi kiuno. Chabu anataka paa juu ya kichwa: tawi, mizizi, ukingo ulioliwa chini.

Jiweke juu ya mto (upande maji yanakotoka) kuliko samaki, mita 3 hadi 5, upande ule ule wa mshono kama inawezekana. Ukivua upande wa pili ukikatiza maji ya kasi katikati, mshipi wako utatekwa kila mara.

Hatua ya 4: Kupanga risasi

Usinunue wala kutumia risasi za madini ya risasi. Tangu 1987 ni marufuku kutumia uzito wa risasi wa kati ya gramu 0.06 na gramu 28.35, kwa sababu bata-maji weupe walikuwa wakizimeza wakitafuta changarawe na kufa kwa sumu. Siku hizi dukani ni bati au tangsteni, ingawa jina limebaki.

Vipimo vya kukumbuka: AAA ni gramu 0.8, BB ni 0.4, namba 4 ni 0.2, namba 6 ni 0.1. Kwa boya la gramu 2.4: BB tano pamoja kama fungu, sentimita 50 juu ya ndoano. Namba 4 moja pale kipande cha ndoano kinapoungana na mshipi mkuu. Namba 6 moja sentimita 15 juu ya ndoano. Kilichobaki ongeza kidogo kidogo hadi kichwa tu cha boya kionekane.

Fungu hilo la BB linashusha chambo haraka na kukitia nanga. Ukizitawanya risasi kama vifungo vya shati, mtindo unaofaa kwenye maji ya polepole, maji ya kasi yatauinua mshipi wote na chambo kitaelea katikati. Zibane kwa vidole, si kwa meno wala koleo. Risasi iliyobanwa sana inaukata mshipi unapoivuta.

Hatua ya 5: Kina

Hii ndiyo hatua inayokula siku nzima ya mtu. Zana zinaweza kuwa sahihi na mahali pakawa sahihi, lakini kina kikikosewa kwa sentimita kumi na tano unavua kwenye maji matupu. Isome mara mbili.

Ziwani tunapima kina kwa kufunga chubwi kwenye ndoano na kuliteremsha. Kwenye mto wa kasi njia hiyo inadanganya. Mkondo unasukuma mshipi, mshipi unapinda, na unapata kina kikubwa kuliko kilichopo. Hapa unapima kwa boya lenyewe likiwa safarini.

Anza chini ya makisio yako. Ukidhani maji ni mita moja, weka sentimita 65 kutoka boya hadi ndoano. Tia funza, achia boya liende bila kulishika, litazame mpaka mwisho wa njia. Lirudishe, sogeza boya juu sentimita 10, achia tena kwenye njia ile ile. Endelea hivyo. Kuna mara moja boya litasita, kichwa kitalala kuelekea chini ya mto, kisha litazama au kuachia na kuendelea. Ndoano imegusa chini. Tuseme ni sentimita 95. Punguza 5, una 90, na hicho ndicho kina cha njia ile kwa boya lililoachiwa.

Lakini wewe hutaliachia boya. Ukilishika, chambo kinatangulia na mshipi wa chini ya boya unalala kimshazari, kwa hiyo ule urefu wa 90 haufiki tena chini. Mshipi ukilala nyuzi 30 kutoka wima, unahitaji sentimita 104 kufikia kina cha 90. Ukilala nyuzi 45 unahitaji 127. Hii ndiyo sababu mtu anapima vizuri, anaanza kusindikiza kama alivyofundishwa, halafu hapati kitu: chambo kiko nusu futi au futi nzima juu ya vichwa vya samaki. Kwa hiyo baada ya kupata 90, ongeza sentimita 15 kwa kushika kwa wastani, 30 ukishika kwa nguvu. Deisi na greilingi wanaweza kukifuata chambo juu kidogo. Barbeli hainuki, na chabu wa Januari hainuki pia.

Sasa jifunze kusoma kichwa cha boya, maana baada ya hapo ndicho kipimo chako pekee. Kichwa kikielekea upande wako, juu ya mto, umelishika na chambo kiko mbele: ndivyo inavyotakiwa. Kikisimama wima kabisa, boya linakwenda na maji na hulidhibiti. Kikilala kuelekea chini ya mto, ndoano inaburuza nyuma. Ama kina kimezidi, ama boya limekipita chambo. Boya likizama mahali pale pale kila safari, ni jiwe au jani. Likizama mahali ambapo safari iliyopita halikuzama, inua fimbo, usijiulize.

Chini ya mto hakuko sawa kama sakafu, na wengi hukosea hapa hata baada ya kufuata yote hayo. Njia ya mita 12 inaweza kuwa na kina cha 90 mwanzoni, kilima cha kokoto chenye 70 katikati, kisha shimo la 110. Huwezi kusimamisha boya kila mita ukabadili. Weka kina cha shimo, na likifika karibu na kilima lishike kwa nguvu zaidi: chambo kinainuka na kupita juu ya kokoto. Baada ya kilima legeza taratibu, kinashuka ndani ya shimo kikitangulia boya. Kidole gumba ndicho kinachobadili kina. Samaki wengi wa siku wanatoka hapo, chambo kinaposhuka nyuma ya kilima. Weka alama kwa macho upande wa pili: nguzo ya uzio, shina, jiwe jeupe, ili ujue boya likifika wapi unashika na likifika wapi unalegeza.

Ukishapata kina, kiweke alama. Nasa ndoano kwenye kishikio cha rili, kaza mshipi, uone boya limefika wapi kando ya fimbo, kisha zungushia hapo kipande cha utepe. Zana zikikatika utarudisha kina bila kupima upya.

Tena, chomeka kijiti ukingoni pale maji yanapogusa udongo na ukitazame kila nusu saa. Mito inayotoka milimani, hasa Yorkshire, inapanda na kushuka ndani ya saa chache baada ya mvua iliyonyesha mbali ambayo wewe hukuiona. Maji yakishuka sentimita 8, ulichopima asubuhi si sahihi tena. Yakianza kupanda haraka na kubeba majani na vijiti, toka majini kwanza.

Hatua ya 6: Kulisha

Painti moja ya funza, kama lita 0.57, inatosha saa tatu hadi nne. Wasafishe nyumbani. Waweke kwenye ungo mwembamba, wapenyeze waache uchafu juu, kisha wachanganye na viganja viwili vya unga wa mahindi. Ndiyo, unga ule ule wa ugali. Waingereza nao hutumia unga wa mahindi kwa kazi hii, kwa kuwa unafyonza jasho na harufu ya amonia inayowafukuza samaki. Kijiko cha manjano ndani yake ni desturi ya zamani, na kwa deisi naipendelea. Watunze kwenye friji ndani ya chombo chenye matundu. Joto likizidi wanageuka vifukofuko vya kahawia, hatua ya kabla ya nzi. Usivitupe, rochi (samaki mwingine wa mito hii) na chabu wanavipenda, ila vinavyoelea viondoe.

Dakika kumi za kwanza usirushe ndoano. Tupa funza 10 hadi 15 kila nusu dakika, mahali pale pale. Baada ya hapo, funza kwanza, boya baadaye, kila safari bila kuruka. Kidogo mara kwa mara. Aliyetupa nusu painti kwa mkupuo amewalisha samaki walio mita 50 chini yake.

Pa kutupa panahesabiwa. Tupa funza kadhaa ukingoni penye maji maangavu, hesabu sekunde hadi waguse chini. Kisha tazama jani likielea mita 5, hesabu tena. Funza akichukua sekunde 5 kushuka na jani likaenda nusu mita kwa sekunde, chakula chako kitatua mita 2 hadi 2.5 chini ya pale ulipotupa. Watupe umbali huo juu ya samaki, si juu ya vichwa vyao.

Mto ukiwa na rangi ya chai ya maziwa baada ya mvua na maji yanashuka, badili: mkate mweupe laini. Kwa kulisha, usage mkate bila ganda kwenye blenda bila maji, uukande kidogo utoke donge la ukubwa wa jozi. Kwa ndoano, vunja kipande, kibane upande mmoja tu kwenye shina la ndoano, upande wa pili ubaki umechanua. Ukikibana chote kinakuwa gololi.

Hatua ya 7: Safari yenyewe

Funza anatungwa upande mnene. Ukimtazama kwa karibu ana vidoa viwili vyeusi vinavyofanana na macho. Si macho, ni matundu ya kupumulia, na upande huo ndio wa nyuma. Pitisha ncha ya ndoano kwenye ngozi tu hapo, kidogo kabisa. Akitoa maji umemtoboa ndani: amekufa, hachezi, mtupe. Funza aliyetungwa katikati anazunguka kama pangaboi majini na kuusokota mshipi wako wote.

Rusha kwa mkono wa chini, taratibu, na kabla boya halijagusa maji zuia mshipi kidogo. Ndoano itapita mbele na kutua chini ya mto kuliko boya, mshipi ukiwa umenyooka. Usipozuia, vyote vinaanguka pamoja na kujifunga.

Inua ncha ya fimbo, mshipi kutoka ncha hadi boya usiguse maji ikiwezekana. Ukiona umelala na kupinda, unyanyue kwa mzunguko mwepesi wa ncha na uulaze upande wa juu wa mto, bila kulitikisa boya. Upepo unaovuma kutoka chini ya mto ni rafiki, unaushikilia mshipi nyuma. Upepo unaofuata maji ni adui. Ukizidi, vua njia fupi ya mita 6 tu.

Gumba kwenye ukingo wa gurudumu, boya liende kwa nusu au theluthi mbili ya kasi ya mapovu yaliyo jirani nalo. Linganisha na mapovu kila wakati, si na hisia. Mwisho wa njia lishike kabisa, hesabu hadi nane. Chambo kitainuka taratibu kutoka chini na kuyumba, na mara nyingi chabu hukigonga hapo kwa kishindo. Ukirudisha, lete zana kando ya ukingo, usizipitishe juu ya samaki.

Boya likizama, inua fimbo kwa upande wa juu wa mto kwa mfagio mmoja mrefu. Si mkwanyuo, kipande cha milimita 0.12 hakivumilii.

Hatua ya 8: Kuopoa na kurudisha

Chabu sekunde mbili za kwanza anakimbilia mizizi. Laza fimbo upande, mkaze mara moja, usimpe hata nusu mita. Akishageuzwa kichwa nguvu zake nyingi zimekwisha. Barbeli ni kinyume chake, anakaa chini na kukimbia mara kwa mara, na gurudumu limwachie kwa kidole. Samaki yeyote aliye chini yako usimvute juu juu ya uso wa maji dhidi ya mkondo. Tembea umfuate, ufike usawa wake.

Wavu uwe majini kabla hajafika. Mlete juu yake, kisha inua. Anayemkimbiza samaki na wavu ndiye anayemkata.

Lowesha mikono kabla ya kumgusa, utelezi wa ngozi yake ndio kinga yake. Mtoe ndoano akiwa ndani ya wavu majini. Deisi anarudi mwenyewe. Barbeli na greilingi wanachoka hadi mwisho wa nguvu, kwa hiyo mshikilie ndani ya wavu kichwa kikitazama juu ya mto, maji yapite kwenye mashavu yake, dakika tano au kumi ikibidi, hadi avute mkia mwenyewe mkononi mwako. Ukimwachia mapema anapinduka tumbo juu na mkondo unampeleka.

Mchubuko wowote mkononi ufunike plasta kabla ya kuanza, na nawa kabla ya kula. Mkojo wa panya ukingoni unaleta leptospirosis, na ukipata homa na maumivu ya misuli wiki moja au mbili baadaye mwambie daktari kwamba ulikuwa mtoni. Wavu na viatu vioshwe na vikauke kabisa kabla ya kwenda mto mwingine.